Mti Tuliouita Tasa

Mti tuliouita tasa ndio uliokuwa ukiupa ule mwingine matunda. Mimi nilijua hilo baadaye, mti wenyewe ukiwa umeshageuzwa nguzo za zizi. Uliangushwa ukiwa umejaa maua, na kwa siku kadhaa nyuki waliendelea kuja kwenye matawi yaliyolala chini, kama wageni wa arusi ambao hakuna aliyewapigia simu kuwaambia kwamba imevunjika.

Sikuwa nimepanga kuyaandika haya. Yaliletwa na harufu. Wiki iliyopita nilikuwa Nakuru, kwenye foleni nje ya ofisi fulani, upepo ukapita na maua madogo meupe yakaanguka juu ya kofia ya askari wa lango. Harufu ilinifikia kabla sijainua macho: tamu kama asali iliyopashwa moto, na chini ya utamu huo uchungu kidogo, kama ganda la limau lililokwaruzwa kwa ukucha. Nilijua ni araruet. Ndivyo tunavyouita mti huo kwetu, kwa Kikalenjin.

"Huu mti ni kazi tupu, mathe," askari aliniambia alipoona ninautazama. "Nafagia asubuhi, ikifika saa nne ni kama sijafagia."

"Huwa unazaa?"

"Uzae nini? Ni maua tu. Ni mti wa urembo."

Foleni iliposonga nilikuwa nimeshasahau nilichokuja kufanya.

Kwetu ni juu ya Keringet, pale mashamba ya viazi yanapokoma na msitu unapoanza. Siku hizi ingekuwa sawa zaidi kusema ulipokuwa ukianzia. Babu yangu alipofyeka kipande chake aliacha miti miwili mikubwa ya araruet, mmoja juu karibu na zizi, mwingine chini karibu na kijito. Hakuna aliyejua kwa nini aliacha miwili. Kogo, yaani nyanya yetu, alikuwa akisema kwamba wa kwanza aliuacha kwa ajili ya kivuli cha ng'ombe, na wa pili kwa sababu alikuwa amechoka.

Majani ya miti hiyo yalikuwa mabichi mwaka mzima, hata baridi ya Januari ilipochoma viazi vikawa vyeusi kama vilivyomwagiwa maji ya moto. Kabla ya mvua ndefu, yote miwili ilitoa maua kwa pamoja, vishada vya maua madogo meupe yenye wekundu wa mbali, na harufu ikaingia hadi ndani ya maziwa, au ndivyo tulivyoamini sisi watoto. Ukiokota ua la mti wa juu na ua la mti wa chini ukayaweka kiganjani, usingeweza kusema lipi ni la mti upi. Tulijaribu mara nyingi, tukishindania viazi vya kuchoma, na aliyeshinda alikuwa amebahatisha tu.

Tofauti zilikuwepo, ila hazikuwa kiganjani. Mti wa chini ulimwaga maua yake karibu yote, mpaka ardhi ikawa nyeupe kama mtu amepasua gunia la unga. Mti wa juu uliangusha machache, mengine ukayashikilia. Tena nyuki waliofanya kazi kwenye mti wa chini waliondoka na vumbi la njano miguuni. Wa mti wa juu waliondoka na miguu mitupu. Niliyaona haya jinsi mtoto anavyoona mambo: nikayaweka kichwani bila kuyauliza yana maana gani.

Miezi ikipita, mti wa juu ulikuwa mwekundu. Matunda yake yalilingana na gololi, na hayakuwa na ladha ya kumfurahisha mtu, lakini mbega walishuka kutoka msituni kwa ajili yake. Hondohondo walikuja, na shorobo wenye mabawa mekundu waliolia kama mlango wenye kutu, na mbuzi wetu wakasimama chini kungoja makombo ya wote hao. Mti wa chini ulikaa kimya. Kogo aliuita tasa.

Kwa muda mrefu nilidhani tasa ni aina ya mti, kama vile mtu anavyosema mwerezi au mkaratusi. Kisha siku moja nikasikia neno hilo likitumiwa kwa Anti Nyambura.

Anti Nyambura alikuwa mke wa Anko Kiprono, mdogo wake baba. Anko alikuwa utingo wa lori la viazi, na lori hilo lilikuwa likisimama Mai Mahiu, ambapo mamake Nyambura alikuwa na kibanda cha chapati na maharagwe. Nyumbani ilisemwa kwamba Kiprono alikula chapati kwa mkopo hadi ikabidi aoe. Nyambura alikuja kwetu akiwa hajui neno hata moja la Kikalenjin, kwa hiyo nyumba nzima, hata Kogo, ikahamia Kiswahili kwa ajili yake. Nataka hilo lijulikane. Walimpenda. Kogo, ambaye hakuwahi kubadilisha hata aina ya sabuni, alibadilisha lugha akiwa mzee.

Nyumba yao ilijengwa chini, karibu na kijito, hatua chache kutoka kwenye ule mti wa chini. Anti alifulia kivulini pake na kuanika nguo kwenye matawi yake. Wakati wa maua, mashati ya Anko yalikuwa na harufu ile, na wenzake wa lori wakamtania kwamba anapakwa mafuta ya bibi arusi. Alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka wakati huo.

Miaka ikapita bila mtoto. Majirani wenye miti ya parachichi walikuwa na dawa yao: mti ukikataa kuzaa, unaupigia misumari kwenye shina, ati ushtuke ukumbuke kazi yake. Kogo akaamua mti wa chini upigiwe. Anko akaleta misumari ya inchi sita na nyundo, akaizamisha mmoja baada ya mwingine, na Anti akasimama mlangoni na mikono yake ikiwa na povu.

"Mnauumiza bure," alisema.

"Si wa kuumizwa, ni wa kukumbushwa," Kogo alimjibu.

Msimu uo huo Kogo alianza kumchemshia Anti mizizi michungu, akamsimamia hadi kikombe kikauke. Mti ulipewa misumari, Anti akapewa dawa. Mimi niliona ni mambo mawili tofauti.

Kisha Mama akampeleka Anti hospitali Nakuru. Nilikwenda nao kwa sababu nilikuwa na jino la kung'olewa, na hiyo ndiyo sababu ninakumbuka vizuri maneno ya njiani kurudi: nilikuwa na pamba mdomoni, sikuweza kusema, ikabidi nisikilize. Anti alikuwa ameegemeza kichwa dirishani.

"Amesema sina shida," alimwambia Mama. "Amesema nirudi na bwana."

Tulikuwa tumeshapita Njoro Mama alipouliza, "Utamwambia vipi?"

"Nitamwambia vile daktari amesema."

"Usimwambie hivyo."

Nilidhani dawa zilikuwa nzito na alihitajika mwanamume wa kuzibeba. Nilimhurumia Anti kwa kuwa Anko alikuwa mtu wa safari.

Alimwambia. Sijui alimwambia kwa maneno gani. Najua tu kwamba Anko aliacha kula kwake kwa muda, akawa anakula kwetu, na alipoulizwa na Mama atakwenda Nakuru lini alisema viazi haviwezi kungoja.

Jumapili moja baada ya kanisa tulikuwa tumekaa nje ya jiko la Kogo tukinywa chai. Maua yalikuwa yamefunguka. Kogo, Mama, Anko, Anti na sisi watoto. Na mzee Koech, jirani yetu, ambaye alikuja kuazima jembe na kama kawaida yake akaazima pia chai. Anko alisema zizi linaoza na nguzo ni ghali. Akasema mti wa chini ungetoa nguzo za kutosha, tena unalitia kivuli shamba la viazi na haurudishi kitu.

"Ukate," Kogo alisema. "Umekula mbolea yangu miaka yote hii."

Anti alikuwa akimimina chai. Alizungumza bila kuinua kichwa, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeutetea mti anaoanikia nguo.

"Si mngeacha tu, Kogo. Kwetu mathe alikuwa na mipapai nyuma ya kibanda. Kulikuwa na dume moja, haizai. Jirani akaikata kwa sababu ni ya bure. Hata zile zingine zikakataa. Labda hii ya chini ndiyo bwana ya ile ya juu."

Nilikuwa nimekaa karibu na mzee Koech, na nilihisi mwili wake ukianza kutikisika kabla sijasikia kicheko. Alicheka hadi akakohoa chai.

"Kwani hii boma siku hizi miti imeoana?" alisema. "Kiprono, ulilipa mahari ya hii mti ngapi?"

Hakuna mwingine aliyecheka. Kogo aliweka kikombe chake chini polepole.

"Mti hauna bwana," alisema. "Watu ndio wana bwana."

"Nasema tu mti, Kogo."

"Nimesikia unachosema."

Anko alikuwa akimtazama mkewe kana kwamba amevuliwa nguo mbele ya watu. "Daktari ndiye alikufundisha hiyo ya papai?"

"Kiprono, nasema mti."

"Sawa," alisema. "Sasa nimekuwa papai."

Na hilo ndilo likawa jina lake, kwa sababu mzee Koech hakuwa mtu wa kurudi nyumbani na jembe pekee. Katikati ya wiki nilitumwa dukani Keringet, na nilipopita penye stendi ya boda boda nikamsikia kijana mmoja akimwita Anko, aliyekuwa ng'ambo ya barabara akipakia magunia: "Papai, niaje? Umeiva?" Wenzake wakaanguka juu ya pikipiki zao kwa kicheko. Anko hakugeuka. Alibeba gunia, akabeba lingine, akabeba lingine. Shingo yake ilikuwa imejaa mishipa.

Siku iliyofuata alikuja na mtu mwenye msumeno wa mashine. Mnyororo ulikata vizuri kwa muda, kisha ukakutana na misumari ya Kogo na kukatika, ukaruka ukazika jino lake kwenye ukuta wa jiko la Anti. Mwenye msumeno akadai amedanganywa, akaondoka akilaani. Anko akachukua shoka. Alifanya kazi hadi jioni peke yake, hakutaka kusaidiwa, na kila pigo lilimwagia maua kichwani na mabegani mpaka alipofanana na mtu aliyenyeshewa na theluji ya kwenye kalenda. Mti ulipoangukia kijito, maji yalisimama kidogo, kisha yakapata njia nyingine.

Anti alifagia maua mlangoni pake. Alifagia tena asubuhi. Nyuki walikuwa wamejaa kwenye vishada vilivyoanza kunyauka, na yeye alipita katikati yao bila kuwafukuza, na hawakumuuma.

Anko aliondoka na lori, na kabla ya kuondoka alimwambia mamake kwamba akirudi hataki kumkuta mtu kule chini. Kogo ndiye aliyemsindikiza Anti barabarani. Nilikwenda nao nikiwa nimebeba kuku, kwa sababu Kogo alimpa kuku wa safari, mtetea mzuri mwekundu, kama unavyompa mgeni mwema.

"Hatukufukuzi," Kogo alimwambia. "Tunakurudisha tu."

Anti alimpokea kuku kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama inavyotakiwa. "Asante, Kogo," alisema. Alisema kwa Kikalenjin. Alikuwa amejifunza, na sisi tulikuwa hatujawahi kutambua.

Mwaka uliofuata mti wa juu ulitoa maua kama kawaida. Harufu ikashuka mpaka kijitoni. Nyuki wakaja. Tukangoja wekundu, haukuja. Kogo alisema ni mvua. Mwaka wa pili alisema ni mbolea ya dukani inayotumiwa na majirani. Hondohondo walikuja, wakazunguka, wakakaa wakiinamisha midomo yao mikubwa kutazama matawi, wakaondoka. Mbega walifika mara moja. Baadaye hawakuja tena, na mbuzi nao wakaacha kusimama pale. Sikuwahi kufikiria kwamba kutokuwepo kwa kelele kunaweza kusikika, lakini asubuhi za kwetu zilibadilika, kama nyumba iliyohamwa na watoto.

Anko alioa tena, msichana mpole kutoka upande wa Olenguruone. Alikaa naye miaka michache. Hakupewa mizizi, hakupelekwa Nakuru, hakuna aliyemuuliza chochote. Siku moja alifunga nguo zake akaenda kwao, na hakuna aliyemfuata. Kule stendi hawakumwita tena Anko kwa lile jina. Ninaamini hilo lilimuuma zaidi. Kicheko kilikuwa kimekwisha, na watu walianza kumsalimia kwa upole.

Nilikuwa kidato cha pili mwalimu alipotuletea darasani maua ya mpapai, ya dume na ya jike, akayapasua kwa wembe. Akasema kuna miti ya msituni iliyo hivyo pia, mingine maua yake yakifanana kabisa kwa nje, na wadudu ndio wanaobeba ungaunga kutoka kwa dume kwenda kwa jike. Nilimsikia akiendelea kuzungumza, lakini mimi nilikuwa nimesimama kwetu, natazama miguu ya nyuki.

Likizo ilipofika nilikwenda moja kwa moja kwenye mti wa juu. Nilipasua ua baada ya ua na kuligusa kwa kidole. Kidole kilitoka safi. Nikaenda jikoni nikamwambia Mama kila kitu kwa pumzi moja, kwamba Anti alisema kweli, kwamba hatukujua, kwamba laiti tungejua, na kwamba ni lazima Kogo aambiwe leo.

Mama alikuwa akimenya viazi. Hakuacha.

"Usimwambie."

"Lakini hajui."

"Nani hajui?" Mama alisema. "Kogo ni mtu wa ng'ombe. Amekaa na fahali na mitamba maisha yake yote. Siku ile Nyambura alipomaliza kusema tu, Kogo alikuwa ameshaelewa. Mimi nilielewa. Kiprono alielewa. Hata Koech, kwa nini unafikiri alicheka?" Alitupa kiazi ndani ya maji. "Kama hatungeelewa, mti ungekuwa bado umesimama pale."

Nilikuwa nimeleta habari, kumbe nilikuwa wa mwisho kuzipata. Tangu siku ile darasani nilikuwa nimejifariji kwamba walikosea kwa kutojua, kwa sababu kutojua kuna dawa. Kwa walichofanya wao sikujua dawa, na sijaijua hadi leo. Ndipo nilipotambua kwamba Kogo, aliyekuwa akikaa nje akitazama zizi, alikuwa amegeuza kigoda chake. Tangu lini, sikumbuki. Alikuwa akikaa ameupa mti wa juu mgongo, na ndivyo alivyokaa hadi alipofariki.

Jambo hili nimejaribu kulifuatilia kwa utaratibu, ila halikubali utaratibu. Nimesimama Mai Mahiu mara nyingi katika safari zangu. Mamake Nyambura alikwishakufa, na kibanda chake sasa kinauza vipuri vya lori. Mwanamke mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma karibu na hapo aliniambia kwamba Nyambura alihamia upande wa Narok, anapikia madereva, na ana msichana mkubwa sasa, anayemaliza shule.

"Msichana wake?" nilimuuliza.

"Anamwita mama."

"Ni wa kumzaa?"

Aliligeuza hindi kwenye makaa, akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe ni wa wale wa kule juu, eh?"

Safari nyingine dereva mmoja aliniambia mtoto ni wa dada yake Nyambura aliyefariki. Mwingine akaapa kwamba si kweli, kwamba alimwona Nyambura akiwa na mimba kwa macho yake. Nikaandika namba ya simu niliyopewa, nikapiga, haikupatikana. Kisha nikajiuliza ningemuuliza nini kama angeipokea, na nikaona kwamba swali langu ni lile lile la Kogo, ila mimi ningeliuliza kwa adabu zaidi.

Anko Kiprono sasa anaishi peke yake kule chini. Lori aliliacha mgongo ulipokataa. Madereva wamemfikishia na yeye habari za huyo msichana, ninajua, ingawa hajawahi kumtaja. Kila ninapokwenda nyumbani huniandalia chai nzito, huuliza bei ya viazi Nakuru, huuliza watoto wangu wako darasa gani. Halafu, nikiwa nimeshashika mkoba wangu, huuliza kama nilipita Mai Mahiu.

Mimi humwambia ndiyo, nilipita.

Yeye huitikia kwa kichwa na kubaki akinitazama. Anangoja nimwambie mtoto ni wa nani. Sijui ni wa nani.